UZI: "Dokta, katika risiti hizi ni ipi iliyomtibu baba?"

Habarini wakuu. Uzi huu ni mrefu na sitaufupisha, nimekaa nao moyoni miaka mingi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani kwenye hospitali ya rufaa huku mikoani, Tanzania. Hospitali siitaji, mgonjwa simtaji. Walio kwenye fani watanisahihisha nikiteleza. Wasio kwenye fani ndio hasa ninaowaandikia, maana bili mnalipa ninyi.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea mkulima wa ufuta wa miaka 54. Miguu imevimba mpaka mapajani, mishipa ya shingo imetuna, kulala chali hawezi. Usiku alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, kashika reli kwa mikono miwili, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kukimbia. Moyo ulikuwa umeshindwa kusukuma damu, na hilo lilionekana toka mlangoni. Tukampa oksijeni na frusemidi ya sindano, ile wengi wanaiita Lasix. Akakojoa usiku kucha. Siku ya tatu anakwenda msalani kwa miguu yake na anataniana na manesi.

Alikaa wodini siku 11. Bima hakuwa nayo. Kijana wake mkubwa ndiye aliyekuwa anapanda na kushuka ngazi na karatasi: maabara, dirisha la malipo, famasi, maabara tena. Kontrol namba inatoka, analipa kwa simu, anarudi na risiti. Siku ya kuruhusiwa akaja mezani kwangu na bahasha ya kaki. Akatoa risiti zilizofungwa kwa mpira, akazipanga moja moja mezani mpaka meza ikajaa. Akauliza kwa upole kabisa, hana hasira: "Dokta, katika hizi ni ipi iliyomtibu baba?"

Nikazisoma. Kipimo cha damu nzima, FBP, mara nane. Malaria mara tatu, zote hasi. Widal, kile kipimo cha taifodi, mara mbili. Ini mara mbili. Bakteria wa tumbo. Omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, ya sindano siku tisa, kwa mtu aliyekuwa anamaliza sahani yake ya ugali na maharage. Seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, siku saba kwa kikohozi ambacho kilikuwa ni maji ya mapafu, na kilikwisha maji yalipotoka. Ekko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mara moja, hiyo nina amani nayo. Kreatinini na potasiamu, za kuangalia figo na chumvi za damu, mara mbili, nazo zilihitajika.

Hakuna aliyeiba hapo. Kila karatasi ilisainiwa na mtu aliyetaka mzee apone, na sahihi nyingine ni zangu.

Nilimwandikia dawa nne za kwenda nazo nyumbani. Hela iliyobaki ilitosha frusemidi ya wiki mbili na nauli. Hizo nyingine tatu hawakununua. Wiki ya nne akarudishwa usiku, amevimba kuliko mwanzo, na hakumaliza siku mbili.

Sisemi angepona. Moyo ule ulikuwa umechoka sana. Ila moja ya zile dawa tatu ilikuwa spironolaktoni, kidonge cha bei ya chini ambacho kilijaribiwa kwa wagonjwa 1,663 wenye moyo uliochoka vibaya na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Waliopewa kidonge bandia, kisicho na dawa ndani, walikufa asilimia 46 katika muda wa ufuatiliaji wa miaka kama miwili, waliopewa spironolaktoni walikufa asilimia 35. Maana yake, kwa kila wagonjwa mia, kumi na mmoja zaidi walibaki hai. Niambieni FBP ya nane ilimwacha nani hai. Hela ilikuwepo, wakuu. Tuliitumia sisi, mahali pasipo pake.

Tangu siku ile, kabla sijaandika kipimo najiuliza: jibu likija juu nitafanya nini, likija chini nitafanya nini? Yote mawili yakinipeleka kwenye dawa ileile, basi sina haja ya kipimo, nina haja ya kurudi kitandani kumtazama mgonjwa tena.

Chukueni hiyo FBP ya kila asubuhi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa wodini cha Marekani, ndani ya kampeni iliyoitwa Choosing Wisely, kilitoa orodha ya mambo matano ambayo daktari na mgonjwa wanapaswa kuyatilia shaka. Mojawapo ni kurudia damu nzima na kemia ya damu kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia. Nchi yenye hela kuliko zote imekaa ikasema jambo hili halina faida, sisi tunamlipisha mkulima wa ufuta. Na si hela peke yake. Toronto, Kanada, waliwafuatilia wagonjwa wa wodi ya magonjwa ya ndani wakakuta kwamba kila mililita 100 za damu wanazotolewa kwa vipimo zinashusha hemoglobini, yaani kile kiwango cha damu (Hb), kwa takriban gramu 0.7 kwa desilita. Sasa piga hesabu: chupa tatu za mililita nne nne kila asubuhi, siku kumi, hizo ni mililita 120. Halafu siku ya kumi na moja tunakuta damu imepungua, tunaandika vipimo vya kutafuta imepungulia wapi.

Homa ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu ushahidi umetoka hapahapa kwetu. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali kumi za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Walichukuliwa wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, wakapimwa upya kwa hadubini kwa uangalifu. Waliokuwa na vimelea ni asilimia 46 tu. Waliobaki walikuwa wanaumwa kitu kingine huku dripu ya kwinini inashuka, na hao ndio waliokufa zaidi: asilimia 12 dhidi ya asilimia 7 ya wenye malaria kweli. Miaka michache baadaye Moshi walichunguza watu 870 waliolazwa kwa homa, watoto na watu wazima. Zaidi ya nusu waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Kwenye waliobaki walikutwa wenye homa za wanyama kama brusela na leptospira, na homa za kupe, vitu ambavyo daktari havimjii kichwani kwa sababu neno malaria limeshajaza faili.

Nimeitaja hiyo ili ieleweke kwamba siandiki uzi wa kubana matumizi. Kosa lilelile linalomaliza hela ndilo linaloua. Ukimwandikia mtu malaria asiyokuwa nayo umemtoza dawa isiyo na kazi, na ugonjwa wake halisi umeuachia nafasi.

Mfano mwingine. Ulaya na Marekani kwa miaka mingi mgonjwa mwenye maambukizi makali ya damu na presha iliyoshuka amekuwa akijazwa maji ya mshipa haraka haraka. Sisi tukabeba kama ilivyo. Wenzetu wa Lusaka, Zambia, wakasema tujaribu kwanza. Wagonjwa watu wazima zaidi ya 200, wengi wao wana VVU, nusu wakapewa maji mengi mapema kwa utaratibu maalumu, nusu wakatibiwa kawaida. Matokeo yalitoka 2017: wa maji mengi walikufa asilimia 48, wa kawaida asilimia 33. Kabla ya hapo, mwaka 2011, utafiti mkubwa wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania ulikuta jambo hilohilo: maji ya kusukuma haraka kwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu yaliongeza vifo. Tiba iliyoonekana ya kisasa, inayotumia vifaa vingi na mikono mingi, ilikuwa inaua kuliko ile ya polepole. Kwa hiyo mtu akiniambia "huko kwao ndivyo wanavyofanya", namuuliza imejaribiwa kwa nani.

Na damu ya kuongezewa. Ndugu wanahangaika kutafuta watu wa kuchangia, usiku, mvua inanyesha, kwa sababu karatasi imeandikwa hemoglobini 8. Barcelona mwaka 2013 walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 900 waliokuwa wanatapika au kuharisha damu. Kundi moja liliongezewa damu ikishuka chini ya 9, jingine ikishuka chini ya 7. Waliosubiri mpaka 7 ndio waliopona zaidi, asilimia 95 walikuwa hai baada ya wiki sita dhidi ya 91. Hii haiwahusu wanaovuja damu kwa kasi ya kutisha, hao hawakuingizwa, na mwenye ugonjwa wa moyo tunampa nafasi kubwa zaidi. Lakini mgonjwa aliyetulia, anaongea, anakula, mwenye 8? Damu hiyo kuna mama mjamzito anaisubiri chumba cha pili.

Nitaendelea kwenye majibu. Karibuni.

—

Nesi wa Usiku:
Dokta umesema kweli tupu. Mimi naomba niongezee mpira wa mkojo. Mgonjwa anaingia saa mbili usiku hajitambui, tunaweka mpira, sawa, tunahitaji kujua anakojoa kiasi gani. Siku ya pili kaamka, anaongea. Mpira upo. Siku ya nne anakwenda kuota jua nje kaushika mkononi kama kikapu. Hakuna aliyeandika utolewe, na mimi bila maandishi siwezi kuutoa. Siku ya sita homa. Antibayotiki mpya, kuotesha mkojo maabara kuona kama kuna bakteria, ndugu wanalipia.

Mleta uzi:
Dada, hapo umegusa penyewe. Kila siku ambayo mpira unakaa, kati ya wagonjwa mia watatu hadi saba wanaanza kuwa na bakteria kwenye mkojo. Kwa siku sita hesabu unaiona. Kwetu tulikubaliana jambo moja tu: anayeuweka anaandika palepale kwenye faili tarehe na sababu ya kuuweka, na sababu ikiisha nesi anautoa bila kumsubiri daktari. Kulikuwa na ubishi mwanzoni, daktari mmoja aliona ananyang'anywa madaraka. Sasa hivi manesi ndio wanaotukumbusha. Naomba ulipeleke hilo kwa mkuu wa wodi wako kwa maandishi, usiseme kwa mdomo peke yake.

Mwanamaabara:
Mimi nipo upande wa pili wa dirisha. Naomba nizungumzie Widal, maana nikiona fomu kumi za homa, nane zina Widal. Dokta eleza kwa nini haifai, sisi tukieleza tunaambiwa tunakwepa kazi.

Mleta uzi:
Ndugu yangu asante, ngoja niiweke kwa hesabu ya kawaida kila mtu aione. Widal haitafuti bakteria wa taifodi. Inatafuta askari ambao mwili umewatengeneza, na askari hao wanaweza kuwa wa taifodi ya miaka iliyopita, au wa bakteria wengine wanaofanana. Tuseme wamekuja watu 1,000 wenye homa, na wenye taifodi kweli ni 10. Kipimo kiwe kizuri kiasi, kiwakamate 8 kati ya hao 10. Halafu tuseme kinawasingizia watu kumi katika kila mia ambao hawana. Wasio na taifodi ni 990, kumi kwa mia ni 99. Kwa hiyo leo umetoa majibu chanya 107, na wenye ugonjwa humo ni 8. Namba hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini ndivyo kipimo chochote kinavyofanya pale ugonjwa ukiwa adimu. Watu 99 wanarudi nyumbani na antibayotiki ya siprofloksasini na imani kwamba "taifodi yangu haiishi".

Taifodi ipo na inaua, inatoboa utumbo. Njia ya kuikamata ni kuotesha damu kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Kuotesha kunakula hela zaidi kuliko Widal mara moja, nakiri. Ila jibu lake linakuambia ni mdudu gani na dawa ipi inamuua. Mgonjwa anayeumwa sana wa homa, kipimo kimoja cha kuotesha damu ni bora kwangu kuliko Widal tano. Hospitali isiyo na uwezo wa kuotesha, namtibu kwa dalili na namweleza mgonjwa wazi kwamba natibu kwa dalili.

Mkereketwa:
Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na sikubaliani nawe. Tajiri akiugua anapimwa kuanzia kichwa mpaka unyayo, anapelekwa mpaka nje ya nchi. Ikifika zamu ya maskini mnakuja na ushahidi kwamba vipimo havina faida. Mama yangu alikufa hospitali ya wilaya kwa sababu hawakupima. Usituambie tupunguze.

Mleta uzi:
Pole sana kwa mama, kaka. Na hoja yako sitaikwepa, maana ingekuwa ndivyo nilivyosema ningestahili lawama.

Kuna vipimo ambavyo asipofanyiwa mgonjwa naweza kugombana na mtu. Sukari, kwa yeyote anayeletwa hajitambui, ndani ya dakika tano, kabla hata hajasajiliwa. Tone moja la damu kidoleni. Nimeona mtu aliyeletwa kwa kiharusi, mdomo umekwenda upande, ndugu wanalia, glukometa ikasoma chini ya 2, akapewa glukosi mshipani na akakaa kitandani kuuliza viatu vyake viko wapi. Kipimo cha VVU, kwa kila anayelazwa na kukubali. Umeme wa moyo kwa maumivu ya kifua. Na kiharusi chenyewe, CT ya kichwa, kwa sababu damu iliyovuja na mshipa ulioziba vinafanana kwa macho, na aspirini inayomsaidia mwenye mshipa ulioziba inamdhuru anayevuja damu. Hiyo ni ghali, na ndugu wakiniuliza kama inahitajika nawaambia ndiyo, jibu lake linabadilisha kila kitu nitakachofanya leo.

Halafu kipimo cha mkojo cha LAM cha kifua kikuu. Huu ni utepe kama wa kupima ujauzito. Tanzania, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini kilijaribiwa kwa wagonjwa waliolazwa wenye VVU na dalili za TB, matokeo yakatoka 2016: kwa waliopimwa mkojo vifo ndani ya wiki nane vilikuwa asilimia 21, wasiopimwa 25. Ni mkojo tu, hata asiyeweza kukohoa makohozi anao. Wagonjwa wangapi wanalazwa wakiwa na kila kipimo cha damu kwenye faili na huu hawajafanyiwa? Kama mama yako alinyimwa kipimo cha aina hii, basi mimi na wewe tuko upande mmoja.

Na kuhusu tajiri. Nilikuwa na mgonjwa wa bima nzuri, nimonia, kijana. Siku ya tatu homa imekwisha, anakula, anapumua bila oksijeni. Angehamia vidonge na kwenda nyumbani. Akaambiwa "bima inalipa, pumzika umalize sindano". Siku ya nane pale ilipoingia kanula, ule mrija wa mshipani, pakavimba, mkono mwekundu mpaka kiwiko, bakteria wakaingia kwenye damu kupitia hapo. Alikaa wiki tatu nyingine, na nusura tumpoteze. Huduma nyingi haikumkinga huyo. Ilimtafutia ugonjwa ambao hakuja nao.

Mkereketwa:
Nimekuelewa hapo kwenye sukari na TB. Mama hakupimwa sukari.

Mleta uzi:
Pole sana, kaka. Samahani kwa niaba ya fani yangu.

Mama Upendo:
Dokta mimi nina swali, naomba usinicheke. Sindano si ndiyo kali kuliko vidonge? Nikilazwa nikapewa vidonge najiona sijatibiwa.

Mleta uzi:
Siwezi kukucheka mama, hata wenzangu wengi wanaamini hivyo. Dawa ikifika kwenye damu haikumbuki ilipitia wapi. Metronidazoli ya kidonge inanyonywa karibu yote tumboni. Levofloksasini hivyo hivyo, flukonazoli hivyo hivyo. Kwa hiyo ile dripu ya metronidazoli mara tatu kwa siku, kwa mtu anayekula na hatapiki, inakupa dawa ileile pamoja na gharama ya chupa, ya mpira wa dripu, ya kanula, na hatari ya mshipa kuvimba. Sindano ina mahali pake: anayetapika, asiyejitambua, aliye kwenye mshtuko wa presha kuanguka, maambukizi ya ubongo, na zile dawa ambazo kidonge chake hakipo. Nje ya hapo, mgonjwa akianza kula vizuri, homa ikishuka, mimi nambadilishia. Hata maambukizi ya mifupa na ya vali za moyo, ambayo tulifundishwa ni wiki sita za sindano, tafiti mbili kubwa za Ulaya zilizotoka 2019 zilionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri na kuhamishiwa vidonge hawakufanya vibaya kuliko wa sindano.

Na seftriaksoni, nawaomba jamani. WHO wameigawa antibayotiki kwenye makundi matatu tangu 2017, na seftriaksoni iko kwenye kundi la kutumiwa kwa tahadhari kwa sababu usugu unaijia haraka. Siku hizi inachomwa kwa mafua. Siku utakapoihitaji kwa homa ya uti wa mgongo, unataka iwe bado inaua.

Daktari wa Mafunzo:
Dokta naomba nikuulize kama mdogo wako. Mimi ndiye ninayeandika hizo FBP za kila siku. Naziandika saa kumi na moja alfajiri kwa wagonjwa wote kwa sababu kwenye raundi nikiulizwa "Hb ya leo ngapi?" nikakosa, naaibishwa mbele ya wagonjwa na wanafunzi. Hakuna siku niliyoaibishwa kwa kuandika kipimo kisichohitajika. Nifanyeje?

Mleta uzi:
Mdogo wangu, hili swali lako ndilo lenye ugonjwa wenyewe, na ugonjwa si wako. Ni sisi wakubwa. Nami nilikuwa nauliza hivyohivyo, kwa sababu nilivyolelewa ndivyo nilivyoulizwa. Umemtisha kijana kwa asichopima, hujamuuliza hata siku moja kwa alichopima, unategemea afanye nini?

Nilichobadilisha ni maswali. Kwenye raundi nikikuta kipimo nauliza, "Ulikuwa unatafuta nini, na jibu limebadilisha nini?" Kwa sauti ileile ninayoulizia kilichokosekana. Wiki ya kwanza walibabaika, ya tatu fomu zilipungua zenyewe. Jambo la pili, kila antibayotiki inaandikwa na siku yake: siku ya 3 kati ya 5. Nimonia ya kawaida ambayo mgonjwa amepata nafuu, siku tano zinatosha. Bila namba hiyo dawa inaendelea mpaka mtu aikumbuke. Jambo la tatu, tulimwomba mhasibu atuchapie bei za vipimo 20 tunavyoviandika zaidi, tukaibandika karatasi juu ya meza ya kuandikia. Madaktari wengi hawazijui bei hizo kabisa. Mimi sikuzijua mpaka yule kijana aliponipangia risiti.

Wewe ukiwa bado mdogo kwenye mfumo, fanya hivi: ukiacha kipimo, andika kwenye faili kwa nini umeacha. "Hali imetulia, Hb ya juzi 11.2, havuji damu, nitarudia dalili zikibadilika." Ukiulizwa, soma sentensi hiyo. Kuna bosi atakayekasirika hata hivyo. Ila ni vigumu kumwaibisha mtu aliyefikiri na akaandika. Na Mwongozo wa Matibabu wa Taifa unaotumika uwe kwenye simu yako, ukiwa na ukurasa mkononi huongei peke yako.

Baba Neema:
Sisi ndugu tuulize nini bila kuonekana tunamfundisha daktari kazi?

Mleta uzi:
Uliza kwa heshima, wakati wa raundi, si korido: "Dokta, majibu ya kipimo hiki yatabadilisha nini kwenye matibabu?" Daktari anayejua anachotafuta atakujibu kwa sentensi moja. Na sema mapema hali ya mfuko. Wengi mnaficha mpaka siku ya kuruhusiwa, kwa aibu. Ukiniambia siku ya kwanza kwamba una laki moja na nusu tu, naweza kupanga laki hiyo iende wapi kwanza, na nikakuunganisha na afisa ustawi wa jamii mapema. Ukiniambia siku ya kumi na moja, imeshakwenda.

Ila tafadhali, mtu asikatae kipimo wodini kwa sababu amesoma uzi huu. Uliza kwanza.

Kumbukeni pia mwaka 2020 na 2021. Watu waliuza mashamba kununua dawa za Korona, azithromaisini, dripu za vitamini. Utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonyesha azithromaisini haikupunguza vifo. Iliyopunguza ni deksamethasoni, dawa ya zamani ambayo kila famasi inayo: theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, moja ya tano kwa walio kwenye oksijeni. Na kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia kitu. Dawa moja, ugonjwa mmoja, lakini ilibidi mtu ahesabu kujua nani apewe.

Mama Upendo:
Dokta, yule kijana wa risiti hujatuambia ulimjibu nini.

Mleta uzi:
Nilitafuta mezani mpaka nikaipata ya frusemidi ya siku ya kwanza. Ilikuwa ndogo kuliko zote. Nikamwambia ni hii, na oksijeni, na ile ekko iliyotuambia moyo umefikia wapi. Akaziokota hizo, akazikunja, akaweka mfuko wa shati. Akaniuliza, "Na hizi zingine?" Nikamwambia hizi zingine tulikuwa tunahakikisha. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda kumvalisha baba yake viatu. Zilizobaki aliniachia mezani.